Bima Ndogo Ni Yako Wewe Usiye na Gari

Ukimuuliza mwanafunzi wa chuo hapa Mbeya bima ya gari inamhusu nani, atakujibu bila kufikiri: mwenye gari. Sisi watu wa bumu na ugali maharage tuna habari gani na bima? Tunapanda daladala, bajaji au bodaboda, tunalipa nauli, tunashuka, tunawahi kipindi. Mambo ya stika tunamwachia dereva amalizane na trafiki.

Nataka kuonyesha kwamba mambo ni kinyume kabisa. Bima ambayo sheria inamlazimisha kila mwenye chombo cha moto kuikata, ile tunayoiita bima ndogo, haimlindi mwenye gari dhidi ya hasara ya gari lake. Akiligonga kwenye nguzo ya umeme, bima ndogo haitamtengenezea hata taa. Imewekwa kwa ajili ya yule atakayegongwa, na kwa abiria anayelipa nauli. Katika nchi ambayo watu wengi hawana gari, walengwa wakubwa wa sheria hiyo ni wasio na gari. Yaani mimi na wewe.

Mimi kwetu ni Iringa na nasoma Mbeya. Kila semista naipita barabara ya TANZAM kwenda na kurudi: Uyole, Igawa, Makambako, Mafinga, mpaka Ipogolo. Ni zaidi ya kilomita 300 za kupishana na maroli yanayotoka au kwenda Tunduma. Wenzetu wanaoendelea mpaka Dar es Salaam wanaongezewa na kona za Kitonga. Machi 2015, pale Changarawe, Mafinga, kontena la roli liliangukia basi la abiria na watu zaidi ya 40 walifariki. Kila nikipita pale abiria hupunguza maneno. Sijawahi kusikia mtu akiuliza swali la pili: baada ya mazishi, nani anadaiwa fidia, na familia inaidaije?

Mtu wa tatu ni nani?

Sheria yenyewe ni Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni. Wazo lake halikuanzia hapa. Jimbo la Massachusetts kule Marekani lililazimisha bima ya namna hii mwaka 1927, na Uingereza ikafuata mwaka 1930. Magari yalikuwa yameongezeka, watu wanagongwa, na aliyegonga mara nyingi hana kitu. Ukishinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu, umeshinda karatasi. Serikali zikaamua kwamba asiye na bima asiingie barabarani, ili nyuma ya kila dereva kuwe na mfuko unaoweza kulipa.

Mkataba wa bima una watu wawili: kampuni ya bima na mwenye gari. Wewe unayegongwa ukivuka kwenda geto hukusaini popote, hukulipa ada, hata hukuwajua. Ndiyo maana unaitwa mtu wa tatu. Sheria inaidai bima hiyo ikuhusu kwa kifo au madhara ya mwili. Ukishinda kesi dhidi ya mwenye gari, kampuni iliyomkatia bima inawajibika kulipa deni hilo, mradi ilipewa taarifa ya kesi kama sheria inavyotaka. Mwenye gari akizembea kuripoti baada ya ajali, huo ni ugomvi wake na kampuni yake. Wewe haupaswi kukunyima haki.

Hapa pana jambo linalochanganya wengi. Bima hii hailipi kwa sababu tu umeumia. Inalipa kwa sababu kuna mtu mwenye kosa ambaye sheria inasema unamdai samahani ya fedha, na kampuni inalibeba deni lake. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni nani mwenye kosa, na jibu linatoka kwenye ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali na mashahidi. Kama roli ndilo lenye kosa, basi kwa bima ya roli kila abiria wa basi lililogongwa ni mtu wa tatu. Kama basi ndilo lenye kosa, abiria wake wanalindwa na bima ya basi, kwa sababu wamelipa nauli.

Neno hilo la nauli ni zito. Sheria inataka bima ya lazima iwahusu abiria pale chombo kinapobeba watu kwa malipo. Haimlazimishi mwenye gari binafsi kuwakatia bima watu anaowapa lifti ya bure. Konda na utingo nao, wakiumia wakiwa kazini kwa tajiri wao, njia yao ni nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Sasa tuje kwenye gari za IT. Kila anayesoma huku anazijua: magari mapya yanayotoka bandarini kwenda Zambia au Congo, madereva wake wanaokota abiria njiani. Nauli inapoa, gari jipya, mwendo mkali, unafika mapema. Ila gari lile liko safarini kama mzigo. Bima yake haikukatwa kwa ajili ya kubeba abiria wa kulipa. Likipinduka Igawa, kampuni ina hoja mkononi ya kusema gari lilitumika nje ya matumizi yaliyoandikwa kwenye mkataba, na dereva pengine ni mtu ambaye hutamwona tena. Hivyo hivyo kwa Noah binafsi inayopakia wanafunzi siku chuo kinapofungwa. Ile elfu kadhaa unayookoa kwenye nauli ndiyo bei uliyouzia haki yako ya kudai.

Na roli lenye namba za Zambia likikugonga Mbalizi? Hapo kuna Kadi ya Njano, mpango wa bima wa nchi za COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki kwenye mpango huo. Gari la kigeni lenye kadi hiyo linakuwa na bima inayotambulika hapa, na madai yako yanashughulikiwa hapa nchini bila wewe kwenda Lusaka. Kwa watu wanaoishi kwenye njia ya Tunduma, hilo si jambo dogo.

Kwa nini serikali iingilie?

Ukinunua nyanya za Ilula pale Mwanjelwa, unazibonyeza kwanza. Ukinunua simu, unaiwasha mbele ya muuzaji. Bima huwezi kuibonyeza. Unalipa leo, na ubora wake utaujua siku ya msiba. Tena kwa bima ndogo anayenunua ni mmoja na atakayeihitaji ni mwingine. Mwenye daladala anatafuta karatasi ya bei rahisi kuliko zote ili trafiki asimsumbue. Kama karatasi hiyo haina thamani, hasara si yake, ni ya abiria. Biashara ya namna hii ukiiachia soko peke yake, itashindana kuuza karatasi.

Huko nyuma hatukuwa na soko lenyewe. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, bima ilitaifishwa na Shirika la Bima la Taifa, NIC, likabaki peke yake. Sheria ya mwaka 1996 ikafungua milango kwa kampuni binafsi, halafu Sheria ya Bima Namba 10 ya mwaka 2009 ikaunda Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA. Mamlaka hiyo ina ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya, kwa ajili ya Nyanda za Juu Kusini. Wengi wetu tunapita mjini kila wiki bila kujua.

Kazi za TIRA ni nyingi, lakini kwa mtu wa tatu nitataja zile zinazomgusa moja kwa moja.

Ya kwanza ni leseni na uwezo wa kulipa. Kampuni haiwezi kuuza bima bila kuonyesha mtaji na akiba ya kutosha. Majirani zetu Kenya wanajua maana yake: mwaka 2011 kampuni ya Blue Shield, iliyokuwa imekatia bima matatu nyingi, iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria kwa kushindwa kulipa madai. Fikiria umeshinda kesi, halafu anayetakiwa kulipa naye yuko hoi.

Ya pili ni bei ya chini. Kwa gari dogo binafsi tumezoea bima ndogo ya shilingi 100,000, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 118,000 kwa mwaka. Bima kubwa, ile inayolinda na gari lenyewe, tumezoea asilimia 3.5 ya thamani ya gari: gari la milioni 10 ni shilingi 350,000, na VAT 63,000, jumla 413,000. Wapo wanaouliza kwa nini mdhibiti azuie bei isishuke, si ndiyo kumlinda mlaji? Jibu ni kwamba mlaji wa bima ndogo si yule anayelipa. Kampuni zikishushiana bei mpaka chini kabisa, mwenye gari atafurahi, na aliyevunjika mguu ataambiwa asubiri.

Ya tatu ni kulipa kwanza. Hakuna bima ya mkopo: ada isipolipwa, bima haianzi. Zamani mtu aliweza kupewa stika kwa ahadi, ajali ikitokea kampuni inasema hatujapokea hela.

Ya nne ni stika ya kielektroniki. Stika za karatasi zilighushiwa sana. Siku hizi kila bima inaingizwa kwenye mfumo wa TIRA MIS, na mtu yeyote mwenye simu na bando anaweza kuingiza namba ya usajili wa gari akaona kama lina bima, ni ya kampuni gani na inaisha lini. Huhitaji ruhusa ya dereva wala askari. Kwangu mimi huu ndio ulinzi mkubwa kuliko wote, kwa sababu umewekwa mkononi mwa mtu wa tatu mwenyewe.

Ya tano ni muda. Kampuni ikishapokea nyaraka zote za madai, inatakiwa ilipe ndani ya siku 45. Angalia maneno hayo: nyaraka zote. Hapo ndipo mchezo wa njoo kesho unapochezewa. Leo wanataka ripoti, ukiileta wanataka mchoro, ukileta mchoro wanataka kitambulisho. Ukipeleka madai, omba orodha kamili ya nyaraka kwa maandishi, na kila unachowasilisha kigongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Bila tarehe huna siku ya kuanza kuhesabu.

Ya sita ni mahali pa kulalamika. Sheria ya 2009 iliweka Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi inayosikiliza mtu mmoja mmoja dhidi ya kampuni za bima. Huduma yake ni bure na huhitaji wakili. Sharti ni uwe umelalamika kwanza kwenye kampuni yenyewe. Usiporidhika, njia ya mahakama bado ipo.

Laki mbili za bajaji

Yote hayo yapo kwenye vitabu. Mtaani kuna neno jingine lenye nguvu kuliko sheria zote, nalo ni kumalizana.

Rafiki yangu aligongwa na bajaji karibu na Iyunga, asubuhi, akiwa anaelekea chuo. Dereva hakukimbia, na hilo tulimshukuru. Tajiri wake alikuja hospitali siku hiyo hiyo, mtu mzima, mpole, ana juisi na matunda. Akasema, mwanangu, haya mambo ya polisi yatatuchosha wote, wewe una masomo na huyu kijana ana familia. Akatoa laki mbili. Akatoa na karatasi yenye mistari minne, ya mwisho ikisema mgonjwa hatakuwa na madai mengine yoyote. Rafiki yangu alisaini akiwa amelala, mguu umefungwa.

Wiki tatu baadaye mfupa ulionekana umeunga vibaya. Upasuaji, nauli za baba yake kutoka Njombe, mitihani aliyoikosa na kuahirisha semista. Laki mbili ilikuwa imeisha kabla hata ya picha ya pili. Bajaji ile ilikuwa na bima hai. Tuliiangalia kwenye simu tukiwa wodini, ikaonekana na jina la kampuni na tarehe ya mwisho. Ada ilikuwa imelipwa kwa ajili yake, na yeye alikuwa ameshasaini kwamba hadai kitu.

Simlaumu yule mzee kwa ubaya wa moyo. Nadhani naye hakujua kwamba tayari amelipia mtu wa kumbebea ule mzigo. Pengine aliogopa bajaji kukaa kituoni wiki mbili bila hesabu. Na hapo ndipo ninapoona kasoro kubwa ya utaratibu wetu: stika tunaikagua barabarani kila siku, lakini hakuna anayekuja wodini kumwambia majeruhi kwamba stika ile ni yake. Trafiki akimtoza dereva faini, au mahakama ikimtoza, hela inakwenda serikalini. Watu wengi hudhani kesi imeishia hapo. Kesi ya barabarani ni ya Jamhuri dhidi ya dereva. Ya fidia ni yako, na ni lazima uifungue wewe. Hukumu ya kumtia dereva hatiani inakusaidia kama ushahidi, ndiyo maana ukikubali yaishie mlangoni mwa kituo unaitupa silaha yako mwenyewe.

Ikikutokea

Matibabu kwanza, mengine baadaye. Lakini mtu aliye na wewe apige picha ya namba ya chombo, hata kama dereva ni mstaarabu. Bila namba hakuna pa kuanzia. Aangalie bima kwenye TIRA MIS na ahifadhi picha ya majibu.

Ajali iripotiwe polisi na PF3 itolewe. Baadaye uombe nakala ya ripoti ya ajali, mchoro na ripoti ya ukaguzi wa gari. Tunza kila risiti: dawa, picha, magongo, nauli za aliyekuuguza. Omba barua ya chuo kuhusu mitihani uliyokosa. Iandikie kampuni ya bima mapema, hata kwa barua ya ukurasa mmoja, useme ajali imetokea lini, wapi na chombo namba gani.

Usisaini karatasi ya kumaliza madai kabla daktari hajasema umepona au ameandika utabaki na ulemavu gani. Msaada wa mwenye gari unaweza kuupokea, mradi iandikwe kwamba ni mchango wa matibabu. Kampuni nayo ikikuita kusaini hati ya malipo ya mwisho, uisome na mtu anayeelewa. Usikae mno pia: kesi ya madhara ya namna hii ina ukomo wa miaka 3, na mgonjwa anayesubiri apone vizuri anaweza kushtuka umepita.

Hela ya wakili huna, hilo najua. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, watoa msaada wa kisheria wanatambuliwa rasmi, na kanda yetu ina vyuo vinavyofundisha sheria, Mzumbe kampasi ya Mbeya na Ruaha Katoliki pale Iringa. Wenzetu wa LL.B wanatafuta kila siku mada za utafiti. Ipo moja wodini.

Serikali ya wanafunzi nayo ina la kufanya, na haligharimu chochote. Kila mwaka tunakodi Coaster na mabasi kwa ziara za mafunzo, mabonanza na misiba. Bei ndiyo tunayoijadili mpaka usiku wa manane. Napendekeza kabla ya malipo ya awali kutolewa, wizara inayohusika na usafiri iombe namba ya gari, iangalie TIRA MIS, na ihakikishe mambo matatu: bima iko hai mpaka siku ya kurudi, imekatwa kwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo, na idadi ya abiria waliokatiwa bima inatosha idadi yetu. Majibu yabandikwe kwenye kundi la WhatsApp la safari pamoja na muda wa kuondoka. Tajiri wa gari akikataa kutoa namba, tukodi kwa mwingine. Stendi ya Nanenane magari hayajawahi kuisha.